Bei ya Bakuli la Tambi

Waandishi wa historia wamezoea kuingia katika jumba la mfalme kwa mlango wa mbele na kutoka kwa mlango huo huo, pasipo kutupa jicho jikoni. Karamu za wakubwa zimeandikwa kwa wino mwingi: nani alikaa wapi, nani alihutubu, na sahani ngapi ziliandaliwa. Mlo wa mchukuzi, wa karani mdogo na wa mwanafunzi, watu walao upesi na kuondoka kwenda kazini, haukupata mwandishi mara nyingi. Walakini mlo huo una sehemu kubwa katika ujenzi wa miji. Mtu aliyetoka mbali kuja kufanya kazi mjini, asiye na jiko wala jamaa wa kumpikia, hawezi kudumu huko ila apate mahali pa kula akashiba kwa fedha kidogo.

Mahali pa namna hiyo ni mkahawa wa tambi wa Uchina, na hasa ule wa mji wa Lanzhou, makao makuu ya jimbo la Gansu, kaskazini-magharibi ya nchi hiyo. Huko bakuli la tambi katika supu ya nyama ya ng'ombe limekuwa chakula cha asubuhi cha wenye mali na wasio nacho kwa muda wa miaka mia na zaidi. Sifa yake ya kwanza ni utamu. Sifa yake ya pili ni urahisi. Utamu umesifiwa na wengi. Urahisi unahitaji kuelezwa zaidi, maana chakula hakiwi rahisi chenyewe. Unga una bei, nyama ina bei, moto una bei, na mikono ya mpishi ina bei. Mlaji akitoa kidogo, kilichosalia hutolewa na mtu mwingine. Historia ya bakuli la Lanzhou ni kwa sehemu kubwa historia ya watu hao wengine.

Mji wenyewe umejinyosha kandokando ya Mto Huang He, baina ya vilima vikavu, mrefu na mwembamba kama mkanda. Kwa karne nyingi misafara iliyotoka katikati ya Uchina kwenda Asia ya Kati ilipita hapo. Zamani watu walivuka mto juu ya mashua zilizofungwa pamoja. Mwaka 1909 daraja la chuma likamalizika kujengwa, na njia ikawa imara zaidi. Mji wa njia ni mji wa wageni, na mji wa wageni hauwezi kukosa mikahawa.

Kabla jua halijapanda juu ya vilima, milango ya mikahawa hiyo imekwisha kufunguliwa. Mlaji huingia, hulipa kwanza, hupokea kipande cha karatasi, akakipeleka kwenye dirisha la jiko. Hapo hutaja unene wa tambi azitakazo. Ziko zilizo nyembamba kama unywele, ziko za kadiri, ziko bapa kama jani la kitunguu, ziko pana kama mshipi, na ziko zenye pembe tatu kama punje ya nafaka. Mpishi huvuta donge mbele ya macho yake, hulitupa katika maji yachemkayo, na baada ya muda mfupi bakuli hupita dirishani likitoa mvuke. Mlaji hulibeba mwenyewe, hutafuta nafasi katika meza ya watu asiowajua, hutia siki, akainama kula. Hapana kitambaa mezani wala mhudumu wa kumwuliza hali. Akimaliza huondoka, na mwingine hukalia kiti kikiwa bado kina joto. Wazee wa mji hupenda kuwahi, maana supu ya alfajiri husifiwa kuliko ya adhuhuri, na kwa desturi ya zamani mikahawa mingi ilifunga baada ya saa nane mchana. Lakini ili supu iwe tayari alfajiri, mifupa sharti ichemke usiku. Mlaji ameamka mapema. Mpishi yamkini hakulala.

Watu wa sehemu hizo walianza kula tambi zamani sana. Mwaka 2005 wataalamu wa Uchina walitangaza katika jarida la Nature habari ya bakuli la udongo lililofukuliwa Lajia, kijiji cha kale kilicho kando ya Huang He, upande wa juu wa Lanzhou. Kijiji hicho kiliangamia kwa tetemeko la ardhi na mafuriko yapata miaka 4000 iliyopita. Bakuli lilikuwa limepinduka, na chini yake palikutwa nyuzi nyembamba za manjano. Wataalamu hao walisema kuwa zilikuwa tambi za nafaka ndogo za jamii ya uwele, si za ngano. Wengine wakatia shaka, kwa kuwa unga wa nafaka hizo haunati vya kutosha kuvutwa nyuzi ndefu. Ngano ilikuwa mgeni kutoka Asia ya Magharibi. Ilifika Uchina katika zama hizo za kale, lakini ilichukua karne nyingi hata watu wa kaskazini wakazoea kuisaga na kula unga wake kila siku.

Tambi za kijijini hupikwa na mtu wa nyumbani kwa ajili ya watu wa nyumbani. Tambi za kuuzwa zataka mji. Ushahidi ulio mzuri wa jambo hili ni kitabu cha Meng Yuanlao, mtu aliyeishi Kaifeng, mji mkuu wa ukoo wa Song, kabla ya mji huo kutekwa na maadui kutoka kaskazini mwaka 1127. Alikimbilia kusini, na mwaka 1147 akaandika dibaji ya kitabu alichokitunga kwa kumbukumbu ya mji alioupoteza. Humo ameieleza mikahawa ya Kaifeng kwa upendo wa mkimbizi. Wateja waliagiza kila mtu alivyopenda: huyu chakula cha moto, yule cha baridi, huyu chenye nyama, yule kisicho na mafuta. Mhudumu alishika maagizo yote kichwani, akasimama mbele ya jiko na kuyataja kwa sauti. Kisha alirudi na mabakuli matatu katika mkono wa kushoto, na mengine kama ishirini yamepangwa juu ya mkono wa kulia kutoka kiganjani hata begani, akampa kila mtu lake pasipo kukosea. Akikosea, mteja alimshitaki kwa mwenye mkahawa, na mhudumu akatukanwa, au akakatwa ujira, au akafukuzwa kazi.

Habari hii huchekesha kwa mara ya kwanza na huhuzunisha kwa mara ya pili. Mteja wa Kaifeng alikula upesi, vizuri na kwa hiari yake mwenyewe, kama bwana nyumbani kwake. Ubwana huo wa muda wa saa moja ulisimama juu ya bega la mtu ambaye kosa lake moja lingemnyima mkate wake. Kaifeng ilikuwa miongoni mwa miji mikubwa kabisa ya dunia ya wakati ule. Ilikuwa na wateja wengi, na watu wengi waliohitaji kazi. Palipo na wingi wa namna hiyo mbili, chakula huwa rahisi.

Mkahawa wa Lanzhou una asili hiyo ya mbali, lakini una asili nyingine iliyo karibu zaidi, nayo ni dini. Wapishi wake wa kwanza walikuwa Wahui, yaani Waislamu wasemao Kichina. Wazee wao wa kale walikuwa wafanya biashara, askari na mafundi kutoka Uajemi, Arabuni na Asia ya Kati, walioingia Uchina katika zama mbalimbali, na hasa wakati wa utawala wa Wamongoli, wakaoa huko na kukaa. Kibao cha mkahawa wa Wahui kwa desturi kilibeba maneno ya Kichina yenye maana ya usafi na ukweli, na pengine neno halali kwa herufi za Kiarabu. Mtu wa pwani ya Afrika ya Mashariki, ambaye babu zake waliandika Kiswahili kwa herufi hizo hizo, angeweza kulisoma neno hilo pasipo kujua Kichina hata kidogo. Kwa Mhui msafiri, kibao hicho kilikuwa dhamana kwamba chakula ni halali kwake. Kwa jirani yake asiye Mwislamu, kilikuwa ahadi ya nyama iliyo safi. Hivyo sharti la dini likawa sifa ya biashara.

Lakini si dini peke yake iliyowaelekeza Wahui kwenye chungu na moto. Kuanzia mwaka 1862 hata 1873 palikuwa na vita vikali katika majimbo ya Shaanxi na Gansu baina ya Waislamu na serikali ya ukoo wa Qing. Vita vilikwisha kwa ushindi wa jemadari Zuo Zongtang. Watu wengi mno wa pande zote walikufa, na Wahui wengi wa Shaanxi walionusurika walihamishiwa katika ardhi kame za Gansu, mbali na miji na njia kuu. Mtu aliyenyang'anywa shamba zuri hutafuta riziki isiyohitaji shamba. Wahui wakawa waongoza nyumbu, wachinjaji, wauza ngozi na wauza vyakula. Kazi hizi huanza kwa mtaji mdogo, nazo humtaka mtu jasho jingi.

Katika watu wa hali hiyo ndipo lilipotokea jina la Ma Baozi. Mapokeo ya mji husema kwamba mwaka 1915 Mhui huyu maskini alianza kuuza tambi za supu ya ng'ombe akizichukua kwa mzegazega, yaani mti wa begani wenye mzigo huku na huku, akipita mtaa hata mtaa. Baadaye alipata duka, na mwaka 1925 kazi ikarithiwa na mwanawe Ma Jiesan. Yasimuliwa kuwa aliyeingia dukani mwake alipewa kwanza supu bure. Waswahili husema kuwa kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza; tambi za Ma Baozi zilianza kwa kujitembeza zikaishia kwa kujiuza. Wako wanaodai asili ya zamani zaidi, wakasema kwamba mapishi yaliletwa na mtu wa Henan mwaka 1799 akamfundisha mtu wa ukoo wa Ma. Madai haya mawili yamekuwa na watetezi wao. Lakini hata kama mapishi yalitoka kwingine, mzegazega wa mwaka 1915 unabaki kuwa mwanzo wa mkahawa, kwa sababu ndio uliolipeleka bakuli kwa mtu wa njiani kwa bei aliyoiweza.

Ufundi wenyewe ni mgumu kuliko uonekanavyo. Unga wa ngano hukandwa kwa maji yenye magadi. Zamani magadi hayo yalipatikana kwa kuchoma mmea wa jangwani uotao katika ardhi ya chumvi. Siku hizi aghalabu hutumika unga uliotengenezwa viwandani. Magadi hulitia donge nguvu ya kuvutika pasipo kukatika, na huzipa tambi rangi ya manjano. Fundi huligonga donge mezani, hulisokota, hulinyosha hata likawa uzi mmoja mnene, hukutanisha ncha mbili na kuvuta tena. Uzi mmoja huwa miwili, miwili huwa minne, minne huwa minane. Akikunja mara 7 hupata nyuzi 128; akikunja mara 8 hupata nyuzi 256. Hesabu hii ni nyepesi kwa kalamu. Kwa mikono ni kazi ya miaka, na bega la fundi hulipa deni lake uzeeni. Wenyeji hulipima bakuli kwa alama tano: supu iwe safi kama maji, figili iwe nyeupe, mafuta ya pilipili yawe mekundu, kotimiri na majani ya kitunguu saumu yawe mabichi ya kijani, na tambi ziwe za manjano. Nyama haimo katika alama hizo. Ng'ombe ameacha ladha yake katika supu, na vipande vyake juu ya bakuli ni vichache na vidogo. Hii nayo ni hekima ya ufukara: mnyama mmoja hulisha mtaa mzima kwa harufu kuliko kwa nyama.

Baada ya mapinduzi ya mwaka 1949, swali la nani alipe liliingia mikononi mwa dola. Mwaka 1953 serikali iliishika biashara ya nafaka peke yake. Mwaka 1955 zilitolewa kuponi za nafaka kwa watu wa mijini, na mwaka 1956 maduka ya watu binafsi, ya wapishi yakiwamo, yakaingizwa katika vyama vya ushirika na katika ubia na serikali. Mwuza tambi akawa mtumishi wa mshahara. Bei ya bakuli ilikuwa ndogo na haikupanda ovyo; hilo lilikuwa jema kwa mfanya kazi wa mjini. Lakini fedha peke yake haikutosha: ilimpasa mlaji kutoa kuponi pia, na mkulima wa kijijini hakuwa na fungu katika mgawo wa kuponi za mjini. Nafaka yake ilinunuliwa kwa bei iliyopangwa na serikali, na kiasi cha kutoa kilipangwa vile vile. Njaa kubwa ya miaka ya 1959 hata 1961 ilipoingia, Gansu ilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyoumia sana, na waliokufa kwa wingi walikuwa watu wa vijijini, wakulima wa nafaka wenyewe. Katika miaka hiyo sehemu kubwa ya bei ya bakuli ililipwa na mtu ambaye hakupata kuliona.

Kuponi za nafaka zilififia kidogo kidogo baada ya serikali kubadili siasa ya uchumi mwaka 1978, na mwaka 1993 zikaondolewa. Biashara ndogo za watu binafsi ziliruhusiwa tena. Hapo ndipo walipotokea watu wa Hualong. Hualong ni wilaya ya Wahui katika jimbo la Qinghai, magharibi ya Gansu; ni nchi ya milima, yenye ardhi kavu na mashamba madogo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wachache miongoni mwao walikwenda Xiamen, bandari ya kusini-mashariki, wakafungua mikahawa ya tambi. Walipofaulu waliita ndugu, ndugu wakaita majirani, na katika muda wa miaka ishirini mikahawa yao ikaenea katika miji mikubwa na midogo ya Uchina. Juu ya milango waliandika jina la Lanzhou, si la Hualong, kwa kuwa Lanzhou lilijulikana na Hualong haikujulikana. Watu wa Lanzhou walinung'unika, nao wana haki yao: mikahawani kwao husemwa tambi za ng'ombe tu, na jina la mji halitajwi, kama vile mtu asivyotaja jina lake mwenyewe nyumbani mwake. Tena mikahawa ya Hualong iliongeza wali na vyakula vya kukaangwa ambavyo Lanzhou haivihesabu kuwa sehemu ya bakuli lake. Lakini mwenye njaa wa Shanghai au Guangzhou hakuuliza habari za nasaba. Aliuliza bei.

Bei hiyo ndogo iliwezekana kwa utaratibu wa ukoo. Kijana aliyefika kutoka milimani alianza kwa kuosha mabakuli na kupokea wateja. Akisha kuzoea, alifundishwa kuvuta tambi. Baada ya miaka kadhaa alikopa kwa jamaa akafungua mkahawa wake, akaita vijana wengine. Mume alivuta donge, mke alipokea fedha, na wote walilala juu ya duka au nyuma yake. Saa zao za kazi hazikuhesabiwa, na kwa sababu hazikuhesabiwa hazikuingia katika bei. Watoto wengine waliachwa kwa babu na bibi. Wengine walikuja mjini wakakulia baina ya magunia ya unga, na kwa kuwa uandikishaji wa makazi yao ulikuwa kijijini, kupata nafasi ya shule mjini hakukuwa rahisi. Ili wasiangamizane, baadhi yao walijiwekea kanuni kwamba mkahawa mpya usifunguliwe karibu na ule wa kwanza, bali uache nafasi ya mita mia kadhaa. Kanuni hiyo haikuwa sheria ya nchi, na katika miaka ya 2010 ilileta ugomvi hadharani, kwa kuwa aliyefungua mlango jirani alikuwa na haki ya sheria, na aliyepinga alikuwa na hofu ya kupoteza riziki.

Mambo hayo yote yalikutana katika shauri moja mjini Lanzhou mwenyewe, mwezi wa Juni mwaka 2007. Mwaka huo bei za vyakula zilipanda kote Uchina. Mikahawa mingi ya Lanzhou ilipandisha bei ya bakuli kwa wakati mmoja, kwa kadiri ya nusu yuan. Nusu yuan ni kitu kidogo sana katika kitabu cha mwanauchumi. Kwa mtu alaye bakuli kila asubuhi, na watoto wake pamoja naye, si kitu kidogo. Kelele zikawa nyingi. Wakubwa wa mji waliigawa mikahawa kwa madaraja, wakatoa amri kwamba katika daraja la kawaida bakuli kubwa lisizidi yuan 2.5 na bakuli dogo lisizidi yuan 2.3. Habari ikaenea nchi nzima, na wasomi wakabishana magazetini juu ya bakuli la supu kana kwamba ni mkataba wa kimataifa.

Waliounga mkono amri walisema kwamba bakuli hilo si anasa, bali ni lazima; wauzaji wakipandisha bei pamoja, mlaji hana pa kukimbilia; na serikali isiyomlinda maskini katika chakula chake cha asubuhi itamlinda katika nini? Waliopinga walisema kwamba mwuza tambi naye ni maskini; hakuna aliyemwekea mwuza nyama kikomo wala mwuza unga; na kumfunga mtu mmoja katikati ya mnyororo ni kumlazimisha aidha ale hasara, au apunguze nyama, au afunge mlango. Kila upande ulikuwa na nusu ya kweli. Kosa la amri halikuwa huruma yake, maana huruma kwa mlaji ni jambo la heshima. Kosa lake lilikuwa kumwona mtu mmoja tu mezani. Ilihesabu sarafu za anayekula, isihesabu saa za anayevuta. Kama mji ulitaka bakuli liwe rahisi kwa wote, mji wenyewe ungaliweza kuchangia, kwa kumpunguzia mpishi kodi ya nyumba, au kwa kumwongezea mlaji kipato. Badala yake ulitoa zawadi kwa mfuko wa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine alikuwa ndiye yule yule aliyelipa tangu zamani.

Amri haikuweza kuizuia dunia. Bei zilipanda katika miaka iliyofuata, na bakuli la yuan 2.5 limebaki katika hadithi. Mwaka 2021 ufundi wa tambi za ng'ombe za Lanzhou uliingizwa katika orodha ya taifa ya urithi wa utamaduni. Mwaka huo huo wenye mitaji walimimina fedha katika makampuni mapya ya tambi, yaliyofungua mikahawa yenye taa nzuri katika majumba ya biashara ya Shanghai, ambako bakuli liliuzwa kwa bei ya mara kadhaa kuliko ile ya mtaani. Kwa hiyo chakula cha mzegazega kilipata heshima mbili kwa mwaka mmoja, ya serikali na ya matajiri. Heshima ni njema, lakini ina hatari yake. Urithi ukihifadhi mapishi ukasahau wapishi, utahifadhi ganda. Mtaji ukiyachukua majengo mazuri ukamwachia fundi ujira ule ule, basi bei itakuwa imepanda na mlipaji wa pili hajabadilika.

Yafaa, kwa hiyo, kutofautisha urahisi wa namna mbili. Kuna urahisi utokao katika akili: kutia ladha ya mnyama mmoja katika mabakuli mengi, kuvuta nyuzi 256 kwa kukunja mara 8, kumwacha mlaji abebe bakuli lake, kugawana meza, kufunga duka supu inapokwisha. Urahisi huu haumnyang'anyi mtu kitu. Ni uvumbuzi wa watu maskini kwa faida ya watu maskini, nao wastahili kuitwa ustaarabu sawa na mashairi na majumba. Kuna tena urahisi utokao katika unyonge: usingizi usiolipwa, nafaka iliyochukuliwa kwa bei ya amri, mtoto asiyekwenda shule. Urahisi huu huonekana kama wa kwanza, huchanganyika nao katika bakuli moja, na ulimi hauwezi kuupambanua. Kazi ya kuupambanua ni ya historia.

Meng Yuanlao aliyekumbuka hesabu ya mabakuli juu ya mkono wa mhudumu wa Kaifeng hakuandika jina la mhudumu huyo, wala ujira wake, wala alikula wapi mwenyewe baada ya wateja kuondoka. Karibu miaka mia tisa imepita, na katika mikahawa mingi ya tambi mambo hayo matatu bado hayaandikwi. Yakianza kuandikwa, itajulikana ni bakuli lipi lililo rahisi kwa haki, na ni lipi ambalo nusu ya bei yake ingali ikidaiwa jikoni.